Jina ni baridi, ugonjwa ni moto: yabisi ya viungo inapofika moyoni

Julai ya Nairobi haimhurumii mtu wa pwani. Pale Loresho, kwenye mteremko ulio juu ya barabara ya Waiyaki, ukungu hukaa mitini hadi saa nne za asubuhi, na jua likitoka hutoka kwa kusitasita. Shangazi yangu alihamia huko kutoka Kuze, Mombasa, ili akae na mwanawe baada ya kufiwa na mumewe. Alikuja na kanga zake, kibao chake cha mbuzi na maradhi yake ya viungo ambayo alikuwa nayo kwa miaka tisa. Vidole vilikuwa vimeshaanza kupinda, na asubuhi alihitaji saa nzima kabla ya kuweza kushika kikombe.

Usiku mmoja bega lake la kushoto lilianza kumuuma. Maumivu yakapanda hadi kwenye taya, akatoka jasho, akahisi kiungulia na kichefuchefu. Mwanawe alipotaka kumpeleka hospitali, alikataa. "Ni baridi ya huku tu, mwanangu. Nichue kwa mafuta, nifunike, nitalala." Asubuhi alipelekwa katika zahanati ndogo. Mhudumu aliona vidole, akasikia habari ya bega, akamdunga sindano ya kutuliza maumivu na kumrudisha nyumbani. Hakuna aliyempima presha. Hakuna aliyemwekea kipimo cha umeme wa moyo.

Siku mbili baadaye alishindwa kupumua akiwa amelala. Ndipo alipofikishwa hospitali kubwa na ikajulikana kuwa lile halikuwa bega. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Yu hai, Alhamdulillahi, lakini sehemu ya msuli wa moyo wake imekufa, na ngazi sita za kuingilia nyumbani humpumzisha mara mbili. Daktari alituuliza swali ambalo bado linanikera: "Katika miaka tisa yote, hakuna aliyewaambia kuwa ugonjwa huu wa viungo hudhuru moyo pia?"

Hatukuambiwa. Na nilipouliza jamaa na majirani, Nairobi na Mombasa, sikumpata hata mmoja aliyekuwa amewahi kuambiwa. Ndiyo sababu ya makala haya.

Jina linalotupoteza

Tatizo letu linaanzia katika jina. Maumivu karibu yote ya viungo sisi huyaita baridi yabisi. Neno yabisi limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kitu kikavu au kilichokakamaa. Jina zima ni urithi wa tiba ya kale iliyotoka kwa Wayunani, ikaendelezwa na waganga wa ulimwengu wa Kiislamu kama Ibn Sina, ikafika pwani yetu pamoja na majahazi. Katika tiba hiyo, mwili una joto na baridi, majimaji na ukavu, na ugonjwa ni mizani iliyoelemea upande mmoja. Ndiyo maana hadi leo bibi zetu hugawa vyakula kuwa vya baridi na vya moto, na mwenye viungo vinavyouma hupewa tangawizi na pilipili manga.

Sina nia ya kuwacheka. Baridi kweli huzidisha ukakamavu, na mgonjwa akijifunika vizuri hupata nafuu. Lakini baridi haiusababishi ugonjwa huu. Lau ingekuwa hivyo, Lamu, Muskati na Dubai kusingekuwa na mgonjwa hata mmoja, nao wapo. Kilichomo ndani ya kiungo cha mgonjwa kinakaribia zaidi kuitwa moto: kiungo huvimba, huwa na joto ukikigusa, na huuma. Jina ni baridi, ugonjwa ni moto. Na moto huo haukai mahali pamoja.

Yabisi zilizo mbalimbali

Kabla ya kufika kwenye moyo, tutenganishe maradhi manne ambayo mtaani huvishwa kanzu moja.

La kwanza ni kuchakaa kwa viungo. Huwapata wazee zaidi, hasa kwenye magoti, nyonga na uti wa mgongo. Gegedu linalotenganisha mifupa huisha polepole. Maumivu huzidi mtu akitembea na hupungua akipumzika.

La pili ni jongo, linalotokana na asidi ya yuriki kuganda kama chembe za chumvi ndani ya kiungo. Mara nyingi huanza ghafla usiku, kwenye kidole gumba cha mguu, na kiungo huwa chekundu na kuuma hata kikiguswa na shuka.

La tatu ni homa ya baridi yabisi, na hili ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu nalo hugusa moyo. Huanza na maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria, kwa kawaida kwa watoto wa kati ya miaka 5 na 15. Koo lisipotibiwa vizuri, kinga ya mwili hukosea na kushambulia vali za moyo. Mtoto huyo anaweza kuhitaji sindano za penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Ni ugonjwa mzito na bado upo kwetu, lakini si huu ninaouzungumzia leo.

La nne ndilo la shangazi: athritisi ya rumatoidi. Hapa kinga ya mwili, askari aliyewekwa kutulinda na vijidudu, humgeukia mwenye nyumba. Hushambulia utando laini unaozunguka viungo. Kwa kawaida huanza kwenye viungo vidogo vya mikono na miguu, pande zote mbili kwa mpigo, na ukakamavu wa asubuhi huchukua nusu saa, saa moja au zaidi. Duniani huathiri kati ya mtu mmoja katika 200 na mmoja katika 100, na wanawake hupatwa mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Wengi huanza kuugua kati ya miaka 30 na 60, yaani katika umri wa kulea na kutafuta riziki.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Mwaka 1979 jarida la kitabibu la Uingereza linaloshughulikia magonjwa ya viungo lilichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa athritisi ya rumatoidi hapa Kenya. Miaka 30 baadaye, mwaka 2009, jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilitoa utafiti wa wagonjwa 60 wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wengi mno walikuwa wanawake, na wengi ugonjwa wao ulikuwa bado umewaka. Si ugonjwa mgeni. Sisi ndio tuliochelewa kuujua.

Moto unavyofika moyoni

Mishipa inayopeleka damu kwenye msuli wa moyo haizibi kama bomba la jikoni linalojaa mafuta. Tulifundishwa hivyo zamani, na sehemu yake ni kweli, lakini haikukamilika. Lehemu huingia ndani ya ukuta wa mshipa, kinga ya mwili huifuata ili kuiondoa, na mapambano hayo huacha uvimbe wenye mafuta uliofunikwa na utando. Utando ukiwa mgumu, mtu anaweza kuishi na uvimbe huo miaka mingi. Utando ukiwa dhaifu hupasuka, damu huganda pale palipopasuka, mshipa huziba katika dakika chache, na msuli wa moyo ulio mbele yake huanza kufa.

Sasa mfikirie mtu ambaye kinga yake imewaka mchana na usiku kwa miaka. Kemikali zinazotolewa na viungo vilivyovimba huingia katika damu na kuzunguka mwili mzima. Zinafanya kuta za mishipa ziwe ngumu, zinaharakisha ule uvimbe wa mafuta, zinadhoofisha utando wake na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda. Kwa hiyo kidole kilichovimba na mshipa wa moyo unaoumia ni nyumba mbili zinazoungua kwa moto mmoja.

Juu ya hapo kuna mambo mengine yanayoongeza kuni. Mwenye maumivu hatembei, na asiyetembea huongezeka uzito na presha. Baadhi ya dawa anazotumia hupandisha presha na sukari. Na kama anavuta sigara, basi amejiumiza mara mbili, kwani sigara huongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa wenyewe, huuzidisha kwa aliye nao, na huharibu mishipa ya moyo.

Ukubwa wa hatari hii umepimwa. Mwaka 2008 watafiti walijumlisha matokeo ya tafiti 24 zenye wagonjwa zaidi ya 110,000. Waliona kuwa vifo vya maradhi ya moyo na mishipa kwa wenye athritisi ya rumatoidi vilizidi vya watu wengine kwa takriban asilimia 50. Wataalamu wengi huilinganisha hatari hii na ile anayoibeba mwenye kisukari. Mwenye kisukari kwetu huambiwa tangu siku ya kwanza achunge moyo. Mwenye viungo huambiwa ajifunike.

Kwa nini haugunduliki mapema

Kuna sababu tatu, na zote nimeziona kwa shangazi.

Kwanza, maumivu hujificha nyuma ya maumivu. Mshtuko wa moyo unaweza kuuma begani, mkononi, mgongoni au kwenye taya. Mtu ambaye mabega na mikono humuuma kila siku hatashtuka yakiuma tena. Mwaka 2005 watafiti wa jimbo la Minnesota, Marekani, waliochunguza kumbukumbu za miaka mingi za wagonjwa, walionyesha kuwa wenye ugonjwa huu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mshtuko wa moyo wa kimya, ule usiotambuliwa wakati unapotokea, na kwamba hawakulalamikia sana maumivu ya kifua. La kutisha zaidi, hatari ilikuwa imeshaanza kupanda hata kabla ya ugonjwa wa viungo kugunduliwa.

Pili, wagonjwa wengi ni wanawake, na mwanamke mara nyingi hapati ile picha ya sinema ya mtu anayeshika kifua na kuanguka. Anaweza kuhisi kuishiwa pumzi, uchovu asioujua, kichefuchefu, jasho baridi au kiungulia. Akisema kiungulia, hupewa dawa ya tumbo.

Tatu, kipimo cha lehemu kinaweza kudanganya. Ugonjwa unapowaka sana, lehemu katika damu inaweza kushuka, ilhali hatari ya moyo inapanda. Mtu hupewa karatasi ya maabara, akaambiwa lehemu yake ni nzuri, akaenda zake na furaha. Ugonjwa ukitulia, lehemu hupanda kidogo, naye hudhani dawa imemdhuru. Ndiyo sababu inashauriwa lehemu ipimwe wakati ugonjwa umetulia.

Hata jedwali wanazotumia wahudumu wa afya kukadiria hatari ya moyo zina pengo. Jedwali za Shirika la Afya Duniani huuliza umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na lehemu. Haziulizi viungo. Kwa sababu hiyo muungano wa madaktari wa viungo wa Ulaya, EULAR, umependekeza kuwa mwenye athritisi ya rumatoidi akadiriwe kwa jedwali la kawaida, kisha jibu lizidishwe kwa 1.5. Mfano: jedwali likisema hatari yako ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo ni asilimia 8, wewe uhesabu 12. Uingereza wao wameuingiza ugonjwa huu moja kwa moja katika hesabu zao.

Dawa inayozima moto na dawa inayoficha moshi

Hapa ndipo penye habari njema, na hapa hapa pana makosa yetu makubwa.

Habari njema ni kwamba kuutuliza ugonjwa wa viungo kunaulinda moyo. Dawa inayoanziwa na wengi ni methotreksati. Imetumika kwa miongo mingi, bei yake si ya kutisha ukilinganisha na sindano za kisasa, na tafiti nyingi zimeihusisha na kupungua kwa mishtuko ya moyo kwa wagonjwa hawa. Lakini ina masharti. Kwa ugonjwa wa viungo humezwa mara moja kwa wiki, siku moja maalumu, si kila siku. Kuna watu waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa kukosea. Huambatana na vidonge vya asidi ya foliki, na ini na damu hupimwa mara kwa mara. Mwanamke anayetarajia kushika mimba haruhusiwi kuitumia, na ni lazima amwambie daktari mapema. Kwa kuwa ni ya mara moja kwa wiki, mwenye kufunga Ramadhani anaweza kupanga na daktari wake kuimeza baada ya futari. Hakuna haja ya kuikatiza mwezi mzima.

Kosa letu ni kuishi kwa dawa za maumivu peke yake. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hupunguza maumivu na uvimbe wa siku hiyo, lakini hazizuii ugonjwa usile kiungo. Zinaficha moshi, moto unaendelea. Na zenyewe si rafiki wa moyo. Hupandisha presha, huyafanya mafigo yazuie chumvi na maji, na zikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Dunia ilijifunza somo hili kwa gharama mwaka 2004, dawa ya Vioxx ilipoondolewa sokoni baada ya kuonekana inaongeza mishtuko ya moyo na kiharusi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilionya kuwa hatari ya diklofenaki inakaribia ile ya dawa za kundi la Vioxx, na kwamba isipewe mtu mwenye ugonjwa wa moyo, aliyepata kiharusi au mwenye mishipa iliyoziba. Kwetu sindano hiyo hiyo hudungwa kila kona, bila swali.

Nyingine ni steroidi, hasa prednisoloni. Hii ni dawa ya maana: mgonjwa aliyelala kitandani anaweza kuinuka siku ya pili. Ndiyo maana hupendwa, na ndiyo maana ni hatari. Ikitumiwa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu hupandisha presha na sukari, hunenepesha uso, hudhoofisha mifupa na huongeza hatari ya moyo. Madaktari huitumia kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi iwezekanavyo, wakati dawa nyingine zinasubiriwa kufanya kazi. Aliyeizoea kwa muda mrefu asiiache ghafla kwa kusoma makala haya, kwani mwili unaweza kuporomoka. Apunguziwe na daktari.

Na tahadhari moja kwa wapenzi wa dawa za chupa zisizo na maandishi. Katika nchi mbalimbali, dawa zilizouzwa kama mitishamba ya viungo zilipopimwa zilikutwa zimechanganywa na steroidi. Dawa ya miti ikikuinua kwa siku moja, uso ukajaa na hamu ya chakula ikapanda, usiseme mganga huyu ni bingwa. Jiulize ndani ya chupa kuna nini.

Daktari wa moyo aliyeumwa mikono

Kuna mtu mmoja katika historia ya Afrika ambaye maisha yake yaliunganisha moyo na viungo. Christiaan Barnard ndiye daktari aliyefanya upasuaji wa kwanza duniani wa kupandikiza moyo wa mtu kwa mtu mwingine, katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, Desemba 1967. Mgonjwa wake, Louis Washkansky, aliishi siku 18, na dunia nzima ilizungumzia habari hiyo. Wasichokijua wengi ni kuwa Barnard alikuwa ameshagunduliwa na athritisi ya rumatoidi tangu mwaka 1956, akiwa masomoni Minnesota. Mikono ile iliyoshika moyo wa binadamu ilikuwa inauma. Mwaka 1983 aliacha upasuaji kwa sababu vidole havikumtii tena.

Mwigizaji wa sinema James Coburn naye aliugua ugonjwa huu tangu miaka ya mwisho ya 1970. Alifariki kwa mshtuko wa moyo mwezi Novemba 2002. Siwezi kusema viungo ndivyo vilivyomuua, kwani mshtuko wa moyo una sababu nyingi. Lakini anayeujua uhusiano huu hasomi habari kama hiyo na kupita tu.

La kufanya, kuanzia wiki hii

Kwanza, jua unaumwa nini. Kama vidole vimevimba na asubuhi vinakakamaa kwa zaidi ya nusu saa, na hali imedumu zaidi ya wiki sita, usikubali kuendelea kudungwa sindano za maumivu. Omba upelekwe kwa daktari wa viungo, au walau daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Vipo vipimo vya damu vinavyosaidia, ingawa jibu la kawaida halimaanishi huna ugonjwa. Ni kweli madaktari wa viungo nchini ni wachache, na wengi wako Nairobi. Mtu wa Loresho yuko karibu nao kuliko wa Lamu au Kwale. Lakini dawa ikishapangwa, ufuatiliaji mwingi wa damu na presha unaweza kufanywa karibu na nyumbani, mradi daktari aandike wazi kitakachopimwa na lini.

Pili, pima presha. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 uliona kuwa karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa. Mwenye viungo apimwe kila anapokwenda kliniki, bila kusubiri aumwe kichwa. Presha haiumi.

Tatu, omba makadirio ya hatari ya moyo: presha, sukari, lehemu, uzito na sigara. EULAR inashauri walau mara moja kila miaka mitano, na mara nyingi zaidi kwa mwenye hatari kubwa au anapobadilishiwa dawa. Daktari akiona inafaa, ataanzisha dawa ya presha au statini. Hizi si dalili kwamba umeshindwa. Ni ngao.

Nne, sigara na shisha ziachwe. Shisha ilipigwa marufuku Kenya mwezi Desemba 2017, lakini sote tunajua bado inavutwa kwenye mabaraza. Tumbaku ya kutafuna kwenye tambuu nayo ni tumbaku. Na miraa au muguka, kwa kuwa hupandisha mapigo ya moyo na presha, si mwenzi mzuri wa mtu aliye katika hatari hii.

Tano, meza yetu. Sisi tumebarikiwa samaki. Jodari, nguru, simu na dagaa wana mafuta yanayofaa moyo, mradi wasizamishwe kwenye mafuta ya kukaangia yaliyotumika mara tano. Kunde, mbaazi, mchicha, kisamvu, ndimu na matunda viko sokoni kila siku. Kinachotuumiza ni chumvi ya achari na ya viungo vya pakiti, sukari ya chai ya mara nne kwa siku, na mahamri na viazi karai kuwa chakula badala ya kuwa kiburudisho. Sisemi biriani iharamishwe. Nasema isiwe ya kila siku.

Sita, tembea. Zamani mgonjwa wa viungo aliambiwa apumzike. Leo ushauri ni kinyume: viungo vikiwa vimetulia, mwendo wa nusu saa siku nyingi za wiki huvisaidia viungo na moyo kwa pamoja. Kama Loresho asubuhi kuna baridi, tembea saa kumi za jioni.

Usiku ukibisha hodi

Mwenye ugonjwa huu akipata maumivu mapya ya kifua, bega, taya au mgongo, yasiyofanana na yale ya kila siku, yakiambatana na jasho, kichefuchefu au kukosa pumzi, hiyo ni dharura hadi ithibitike vinginevyo. Asichuliwe. Asipewe maziwa wala dawa ya kiungulia akaambiwa alale. Piga 999 au 112, au tafuta gari, na umpeleke hospitali yenye uwezo wa kupima umeme wa moyo usiku huo huo. Wengi hushauriwa watafune aspirini ya miligramu 300 njiani, ikiwa hawana mzio nayo na hawana vidonda vinavyotoa damu. Mkifika, msiseme "anaumwa bega." Semeni hivi: "Ana athritisi ya rumatoidi, na tunahofia moyo." Sentensi hiyo moja ingembadilishia shangazi maisha.

Gharama na wajibu

Najua msomaji atauliza: pesa zitoke wapi? Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya ile bima ya zamani, na malalamiko kuhusu kinacholipwa na kisicholipwa tunayasikia kila wiki. Lakini tuwe wakweli. Kupima presha ni bei ndogo, pengine bure. Methotreksati ya mwezi ni nafuu kuliko sindano za maumivu za kila wiki zikijumlishwa na nauli. Kitanda cha chumba cha wagonjwa mahututi, hicho ndicho kinachouza mashamba.

Wahudumu wa afya nao nina ombi nao, tena kwa heshima. Kila mkono uliopinda unaoingia mlangoni kwenu, zungushieni ile kamba ya kipimo cha presha. Inachukua dakika mbili.

Na sisi wana na wajukuu, tuache kuridhika na jibu la wazee wetu kwamba "ni baridi tu." Husema hivyo ili wasitusumbue. Shangazi aliniambia juzi, tukiwa tumekaa kwenye jua la jioni, shali mabegani, vidole vimetulia kuliko nilivyoviona kwa miaka mingi: "Nilijua si baridi. Ile baridi yangu naijua. Lakini mwanangu alikuwa na kazi asubuhi."

Mpigie simu wako leo. Muulize presha yake ni ngapi.